Neno "siasa" kwenye magazeti ya zamani lilikuwa na maana gani hasa?

msomi_wa_bububu

Assalaam alaykum wanajamvi, natumai mu wazima. Nna suali nimeshaliuliza huku na huku sijapata jawabu la kunitosha. Nnasoma magazeti na maandishi ya zamani kwa kazi yangu ya chuo, ya kwetu Unguja na ya bara, kuanzia zama za Mwingereza mpaka miaka ya 80 hivi, na kuna neno moja kila nikilikuta linanitega. Siasa.

Sisi tuliozaliwa juzi siasa tunaijua, vyama, bendera, kampeni, mikutano ya hadhara. Mtu akikwambia "usiniletee siasa" unafahamu anataka uache kumzungusha kwa maneno. Sasa nikifungua Azimio la Arusha la 1967 nakuta limeandikwa ili tuendelee twahitaji vitu vinne, watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora, siasa imekaa bega kwa bega na ardhi! Nikienda mbele nakuta 1972 "Siasa ni Kilimo", nasoma narudia, kilimo kimekuwaje siasa? Halafu nikirudi nyumbani bibi yangu ukimtajia neno hilo hilo anakaa kimya, na akitaka kuhadithia jambo la kabla ya Mapinduzi hataji mwaka, anasema tu "wakati wa siasa". Harusi ya shangazi yangu ilikuwa wakati wa siasa, nyumba ya Ng'ambo ilijengwa kabla ya siasa.

Basi nauliza, hili ni neno moja au matatu? Na msomaji wa leo akiliona kwenye gazeti la zamani ajue vipi mwandishi kakusudia lipi? Nilitaka kuhesabu linavyotumika kila muongo, lakini naona nikihesabu tu bila ya kutenganisha maana ntakuwa nachanganya mchele na chuya. Wazee wetu mliokuwa mnayasoma magazeti haya yakitoka, na wengine wowote wenye ujuzi, naomba mnisaidie.

---

maalim_mstaafu

Waalaykum salaam binti yangu, Mungu akubarikie kazi yako. Nimesomesha Kiswahili skuli za Unguja na Pemba mpaka nikastaafu na neno hili nimelisomesha kila aina, kwa hivyo nivumilie nikirefusha.

Asili yake Kiarabu, siyasa, na huko ndani yake mna habari ya kumtunza farasi, kumlea na kumtiisha mpaka akakubali kuongozwa. Ndugu yake tunaye kwenye Kiswahili mpaka leo, saisi, yule mtu wa kuangalia farasi. Kutoka kwa farasi likahamia kwa raia, mtawala anawaongoza watu wake. Wahenga wetu walipolichukua walichukua na ule upole wa mtunzaji, wakawa wanasema "zungumza naye kwa siasa", "mchukue kwa siasa", yaani taratibu, kwa busara, bila ya pupa. Mtoto kapanda juu ya mwembe kafika tawi la mwisho, unamwita kwa siasa ateremke, ukimfokea ataanguka. Ndivyo tulivyolelewa kulisikia. Kamusi za zamani zinayo maana hii na kwa watu wazima wa mashamba utaisikia hata leo.

Kwa hiyo ukikuta "kwa siasa" kwenye maandishi ya miaka ya 20 au 30, tuseme Mambo Leo lililoanza Januari 1923 kule Dar es Salaam chini ya idara ya elimu, au Mazungumzo ya Walimu yetu hapa, usikimbilie kusema hapa wanazungumza vyama. Vyama vya kugombea kura vilikuwa bado.

Maana ya pili ndiyo hiyo ya Azimio. Pale siasa ni njia iliyokubaliwa ya kuendesha nchi au chama, ile ambayo leo magazeti yote yanaiita sera. Tizama jina lenyewe la Azimio walivyoliandika: siasa ya TANU, chama kilichotawala bara, juu ya Ujamaa na Kujitegemea. Leo angeandika "sera ya TANU". Na "siasa ya kutofungamana na upande wowote" ni hivyo hivyo, leo tungesema sera. "Siasa ni Kilimo" ya Iringa, Mei 1972, nayo isome hivyo, sera yetu kuu ni kilimo, na hapo utaona haina mafumbo yoyote.

Sasa nakupa alama ya kushika. Tizama kile kiunganishi kinachofuata. Ukiona siasa YA, mara nyingi ni hii ya sera, moja, imeandikwa, imepitishwa na mkutano. Ukiona siasa ZA, hapo ni zile za mivutano, siasa za chuki, siasa za majitaka, siasa za vyama. Na ukiona KWA siasa bila ya jina mbele yake basi ni ule upole wa saisi. Wanafunzi wangu nilikuwa nawapa sentensi mbili ubaoni, "siasa ya chama hiki ni kilimo" na "siasa za chama hiki zimetuchosha", nawauliza tofauti, na hata yule wa nyuma kabisa alikuwa anaiona.

---

mtoto_wa_wete

Maalim shikamoo, umenifungua macho hapo kwenye saisi wallahi sikuwa nikijua.

Mimi nataka kumjibu dada hapo kwenye la bibi yake maana hilo hulipati kwenye kamusi yoyote. Siye huku Pemba "wakati wa siasa" si maneno ya kupitisha tu, ni jina la zama, kama mtu anavyosema zama za Vita Vikuu. Zinaanza na ule uchaguzi wa kwanza wa Julai 1957 zinakwisha 12 Januari 1964, siku ya Mapinduzi. Katikati humo chaguzi zikafuatana, Januari 1961, Juni 1961, Julai 1963. Ule wa Januari 1961 Afro (yaani Afro-Shirazi, ASP) walipata viti 10, Hizbu (yaani ZNP) 9, na ZPPP, chama cha tatu, 3, wale watatu wakagawika, wawili kwa Hizbu mmoja kwa Afro, ikawa 11 kwa 11 hakuna wa kuunda serikali. Ikabidi warudie Juni na siku ile yalitokea machafuko Unguja walikufa watu 68. Sasa mtu aliyekuwa na akili zake mwaka ule ukimwambia siasa unafikiri anawaza kilimo?

Na si hayo makubwa tu, wazee wetu wanachokumbuka zaidi ni ya mtaani. Mtu wa Hizbu haendi duka la mtu wa Afro na wa Afro haendi la wa Hizbu, gari la abiria linapita watu wanatizamana hili la nani ndo wapande, mtu ana msiba jirani wa ukuta mmoja haji kuzika. Mke na mume mmoja huku mmoja kule ndoa ikafa. Haya yote yanaitwa kwa neno moja, siasa. Ndo maana mzee wa huku anaposema "siasa iliingia kijijini" anasema kama anavyosema ndui iliingia kijijini. Vyama viliporudi 1992 na uchaguzi wa 1995 ukafanyika, wazee walikuwa wanasema siasa IMERUDI, wakati magazeti ya bara mwaka huo huo yanaandika siasa ya vyama vingi IMEANZA. Hebu dada kwenye kazi yako uliangalie hilo, nani anasema imeanza na nani anasema imerudi, maana watu wa huku lilikuwa si jambo jipya kwao hata kidogo na kweli maziko watu walianza tena kutozikana.

---

kalamu_ya_ngambo

Salaam nyote. Niliwahi kufanya kazi chumba cha habari miaka ile ya mwanzo ya vyama vingi, na kabla ya hapo nimeyapitia sana magazeti ya zama hizo anazozitaja ndugu yetu wa Wete kwa sababu baba alikuwa akiyaweka.

Maalim nakuheshimu na alama yako ya YA na ZA ni nzuri lakini binti asiishike kama msumeno. Wapo waandishi kibao walioandika "siasa ya Zanzibar" na wanakusudia mivutano hiyo hiyo, wapo walioandika "siasa za nje" na wanakusudia msimamo wa serikali juu ya nchi nyengine, na hapo ni sera tupu. Ikiwa anahesabu kwa kompyuta akaweka YA kikapu hiki na ZA kikapu kile ataharibu.

Mimi naona kilicho kikubwa zaidi ya hicho ni kujua gazeti lilikuwa la nani. Huwezi kulisoma neno siasa kwenye gazeti la Unguja la miaka ya 50 bila ya kujua mwenye gazeti. Al-Falaq lilianza 1929, la jumuiya ya Waarabu. Mwongozi likaanza 1942, mhariri wake Ahmed Seif Kharusi, likaja kuwa sauti ya upande wa Hizbu. Afrika Kwetu la Mtoro Rehani upande wa pili. Sasa mwaka 1954 Al-Falaq waliandika makala za kuwashambulia Waingereza, serikali ikaishtaki kamati nzima ya jumuiya kwa uchochezi, na wao wakasusa Baraza la Kutunga Sheria. Tizama hapo, kwa mwenye gazeti ile ni kudai haki ya nchi, kwa Mwingereza ni uchochezi, na huyo huyo Mwingereza anasema hawa wameingia kwenye siasa. Neno siasa kwenye mdomo wa serikali lilikuwa tayari ni neno la kosa, kabla hata ya 1957.

Jengine, tizama majirani wa neno. Miaka ya 60 na 70 siasa inakaa na safi, na bora, na ya chama, na elimu ya. Ukija miaka ya 90 na 2000 majirani wote wamehama, sasa inakaa na mgogoro, na uhasama, na mvutano, na imevaa KI mbele: mgogoro wa kisiasa, uhasama wa kisiasa. Rais Kikwete alipolihutubia Bunge tarehe 30 Disemba 2005 akasema anasononeshwa na mpasuko wa kisiasa wa Zanzibar, na kuanzia hapo kila gazeti likawa linaandika mpasuko wa kisiasa mpaka Maridhiano ya CCM na CUF ya Novemba 2009 na kura ya maoni ya serikali ya umoja wa kitaifa ya 31 Julai 2010. Yaani ukichukua neno linalokaa mara nyingi kabla ya "kisiasa" kila mwaka, utaiona khabari yetu yote imo humo. Hilo kwangu lina faida kuliko YA na ZA.

---

bi_chukwani

Jamani mjadala mzuri huu, mnakumbusha watu mengi.

Nataka kuongezea hapo alipofika kalamu kwamba siasa lilikuwa neno la kosa. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni iliwakataza watumishi wake wasijiingize kwenye siasa. Na katazo lile liliwaumiza zaidi Waafrika, kwa nini, kwa sababu wachache wao waliosoma ndio hao hao waliokuwa walimu na makarani serikalini, sasa ukimwambia mwalimu chagua mshahara au chama, na ana watoto, unategemea nini. Wenye mashamba na biashara zao hilo halikuwagusa sana. Kwa hiyo binti yangu wa Bububu ukikuta kwenye maandishi ya miaka hiyo "kuingia katika siasa" au "kujiingiza katika siasa" lisome kwa uzito wake, si mtu kaanza kupenda mambo ya uongozi, ni mtu anahatarisha riziki yake. Kitenzi chenyewe "kujiingiza" angalia kilivyo, huwezi kusema kujiingiza kwenye sala au kujiingiza kwenye kilimo, unajiingiza pale usipoalikwa.

La pili, sisi tuliosoma miaka ya 70 na 80 siasa ilikuwa SOMO. Iko kwenye ratiba ya darasa baina ya hesabu na jiografia, ina daftari lake, ina mtihani wake. Unaulizwa TANU na ASP ziliungana lini unaandika tarehe 5 Februari 1977 ikazaliwa CCM, ukikosea unapata kosa jekundu. Nyumbani bibi anasema siasa ilitutoa roho, skuli mwalimu anasema toeni madaftari ya siasa. Tulikuwa tunaishi na maana zote mbili na hakuna mtu aliyekaa akatuelezea kuwa ni maana mbili. Kisha vyama vingi vilipokuja lile somo likaitwa Uraia, jina la siasa likaondolewa skuli. Hilo nalo ni la kuandika, siku neno lilipotoka darasani likabaki jukwaani peke yake.

Na jambo dogo la kuzingatia, Azimio la Arusha na Siasa ni Kilimo vilikuwa vya TANU, huku tulikuwa na ASP mpaka hiyo 1977. Kwa hiyo usichukue gazeti la Dar la 1970 ukalifanya ndo mfano wa gazeti la Unguja la mwaka huo. Huku baada ya Mapinduzi magazeti ya vyama yote yalikwisha, lililobaki lilikuwa Kweupe la serikali. Kinyume chake Dar walikuwa na Uhuru la chama na pia Ngurumo ambalo lilikuwa la mtu binafsi, lilianza 1959 likaendelea mpaka miaka ya 70, na lugha yake ilikuwa ya mtaani kabisa. Mtu wa Ngurumo na mtu wa Uhuru hawakuwa wakiliandika neno kwa mdomo mmoja.

---

msomi_wa_bububu

Mashaallah, Mungu awalipe nyote. Maalim hilo la saisi nimelinakili, na Bi Chukwani la "kujiingiza" limenigusa sana kwa sababu nilikuwa nimeshaliona mara nyingi na kulipita tu.

Nna suali la pili. Mwanasiasa. Kwenye maandishi ya mwanzo nakutana na "watu wa siasa", "viongozi wa siasa", na baadaye mwanasiasa na wanasiasa. Haya yana tofauti au ni mtindo wa uandishi tu? Na jengine, nikitafuta kwenye maandishi yaliyopigwa picha yakatiwa kwenye kompyuta, siasa zinakuja chache kuliko nnavyotarajia, nashindwa kujua hawakuandika au nnatafuta vibaya.

Kaka wa Wete hilo la imeanza na imerudi ntalitafutia mahala pake pekee.

---

maalim_mstaafu

Kalamu, msumeno sikusema, nimesema mara nyingi. Lakini hoja yako ya majirani wa neno naikubali kwa mikono miwili na binti afanye vyote, moja haliondoi jengine. Kiunganishi kinakupa maana ya mwandishi pale pale kwenye sentensi, jirani anakupa hali ya nchi. Ukitaka kujua sentensi hii moja inasema nini tizama YA na ZA na maneno mawili matatu ya mbele yake. Ukitaka kujua muongo mzima ulikuwa na moyo gani hesabu majirani.

Binti, mwanasiasa limejengwa kama mwanasheria, mwanahewa, mwanamaji, yaani mtu ambaye hiyo ndo shughuli yake. "Mtu wa siasa" kwa wazee wetu linaweza kuwa mtu wa kwenye vyama na linaweza kuwa mtu mtaratibu mwenye busara, asiyekurupuka, itategemea nani anasema na anamsema nani. Kwa hiyo kwenye maandishi ya zamani, ukikuta mtu anasifiwa kuwa ni mtu wa siasa, usome aya nzima kabla hujampa chama. Mwanasiasa halina njia mbili hizo, hakuna anayemwita mwanasiasa mtu wa kumbembeleza mtoto ateremke mwembeni. Hapo ndipo utakapouona ule upole ulipoachwa nyuma, neno lilipojengewa mwana- likachukua maana moja tu.

Kwenye kutafuta, jaribu na tahajia nyengine. Siyasa kwa Y. Waliosoma Kiarabu kwanza wengi waliandika walivyozoea kusikia, na tahajia haikuwa moja kila pahala hata baada ya ile kamati ya lugha ya nchi nne za Afrika Mashariki kuundwa 1930. Pia karatasi kuukuu kompyuta inazisoma vibaya, herufi ya S na I zikififia inakupa kitu kisichokuwa neno. Gazeti lenyewe lisome kwa macho.

---

kalamu_ya_ngambo

Hapo kwa macho naunga mkono. Na nyongeza, usitafute siasa kwenye ukurasa wa mbele peke yake. Ukurasa wa mbele unaandikwa na mhariri, na mhariri ana bwana wake. Nenda kwenye barua za wasomaji na nenda kwenye mashairi, magazeti yetu yote ya zamani yalikuwa na ukurasa wa mashairi, na huko watu walijibizana kwa miezi. Mshairi wa kawaida, fundi cherehani au karani wa bandari, analitumia neno kama linavyotumika barazani kwake, si kama chama kinavyotaka. Na huko ndiko "kwa siasa" ya maalim inakoishi kwa muda mrefu zaidi, mtu anaandika taratibu kumnasihi mwenziwe kwa siasa na ukurasa wa mbele wa gazeti hilo hilo siasa ni ya chama.

Jengine usiyaache magazeti ya kwetu ya baada ya 1992 kwa kuona ni ya juzi. Dira lilianza 2002 likafungiwa Novemba 2003, maisha mafupi lakini lilisomwa sana, foleni asubuhi. Zanzibar Leo la serikali nalo lilianza karibu na muda huo. Weka matoleo ya mwezi mmoja ya haya mawili kwenye meza, andika kila siasa uliyoikuta na jirani yake, utapata kazi nzuri kabisa hata kabla hujaenda kwenye ya Mwingereza.

---

mtoto_wa_wete

Kaka kalamu umenikumbusha Dira, gazeti moja lilikuwa linapita mikono ya baraza zima, linafika kwa wa mwisho limechakaa.

Dada mimi naomba kitu kimoja. Magazeti yote mliyoyataja yaliandikwa mjini, Unguja mjini au Dar. Pemba hatukuwa na gazeti la kwetu la kusema hili ndo la Wapemba, yalikuwa yanakuja kwa meli, mtu mmoja anayejua kusoma anakaa anawasomea wengine. Kwa hiyo neno lilipoandikwa mjini kwa maana moja, huku lilisikika kwa maana nyengine, na la huku halikuandikwa popote. Ukihesabu magazeti peke yake utapata siasa ya mjini tu. Kaa na bibi yako, akisema "wakati wa siasa" muulize ilianza lini na kwa lipi, wengine watakwambia ilianza siku ya uchaguzi na wengine watakwambia ilianza siku fulani alipoacha kuitikiwa salamu. Andika kama anavyosema, na tarehe uitafute mwenyewe baadaye.

---

bi_chukwani

Kweli kabisa mwanangu wa Wete. Na ukikaa naye bibi usianze na neno lenyewe, atafunga mdomo. Anza na ile harusi ya shangazi yako uliyotutajia, nani alikuja na nani hakuja, chakula kilipikwa wapi, nani alikataa kula. Neno atalitaja yeye mwenyewe.

Kuhusu Kweupe na hayo mengine ya huku nenda Nyaraka, ile hifadhi ya maandishi ya zamani pale Kilimani, chukua barua ya chuo uende nayo, na uende asubuhi.

---

msomi_wa_bububu

Ahsanteni sana sana. Nimeshaamua. Ntachukua mwezi mmoja wa kila muongo badala ya kuhesabu kila kitu, na kila siasa ntakayoikuta ntaiandikia sentensi yake nzima, kiunganishi, jirani, gazeti la nani, na ukurasa gani, barua na mashairi mbali na khabari. Mwanasiasa na kisiasa ntaziweka peke yake. La Pemba ntalifanya kwa mahojiano, kaka wa Wete nakuandikia pembeni kama hutojali kunikutanisha na wazee wa huko. Na siyasa kwa Y nimeshaanza kuitafuta tangu jana usiku, zimeshatoka kadhaa, mbili zote ni "kwa siyasa" na zote zimo kwenye barua za wasomaji.